Mboga za Nyuma ya Kwa Kapinga

Théo alikuwa anaongea na mlango.

Émerence, mke wake, aliona ni mzaha. Théo alikuwa mwalimu wa darasa la sita, na mwalimu aliyekaa nyumbani miezi mingi, shule imefungwa, mwishowe atafundisha hata sufuria.

"Ingia basi, mama," Théo alisema, uso ameuweka karibu kabisa na mbao za mlango wa nyuma. "Juu ya nini unasimama inje na mutoto mu mugongo? Ingia."

"Unasema na nani?"

"Na Mama Kapinga." Akageuka. Ngozi yake ilikuwa inawaka, kavu, bila tone la jasho, na mboni zake zilikuwa zimepanuka mpaka macho yote yakawa meusi. "Anasema haingie. Anasema mpaka weye umuone na macho yako, umwite na jina yake."

Émerence aliweka chini sahani alizokuwa ameshika. Kapinga alikuwa amekufa tangu mwezi wa nne.

Mji mzima wa Kamina ulijua habari hiyo, ingawa mwaka ule wa 1993 watu walijifunza kujua mambo bila kuyasema. Kapinga na Émerence walikuwa majirani miaka kumi na mbili, chumvi ya huyu ni chumvi ya yule, kaa la moto linavuka ua asubuhi na jioni. Halafu ikaja ile siku vijana walipopita nyumba kwa nyumba kuwafukuza watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, kama Kapinga. Kapinga alikimbilia mlango wa nyuma wa Émerence, mtoto mchanga mgongoni, mgonjwa wa surua. Alipiga hodi. Alipiga tena. Émerence alikuwa nyuma ya mlango uleule, amemziba binti yake Mira mdomo kwa mkono, na hakufungua. Aliogopa, basi. Kapinga akaenda kungoja treni ya kuwarudisha Kasai huko gare, kwenye stesheni, pamoja na maelfu ya wenzake, chini ya mvua, na treni ilipofika yeye na mtoto walikuwa wameshazikwa.

Nyumba yake ilibaki tupu, na lenga-lenga zake, yaani mchicha, zikajiotea nyuma ya ukuta, nzuri, laini, bila mwenyewe. Njaa haina haya. Ijumaa hiyo Émerence alichuma kikapu kizima alfajiri, bado giza, akapika na bukari, ugali wa kila siku, akawapakulia Théo na Mira. Yeye hakula, kwa sababu Ijumaa ni siku ya kufunga ya akina mama wa kanisa.

"Mama," Mira akaita. "Kinywa yangu imekauka."

Mtoto wa miaka sita huyo alikuwa amekaa sakafuni akichuma nyuzi hewani, moja moja, akizikunja kwenye kidole. Hapakuwa na uzi wowote. Kisha akajilaza kifudifudi karibu na mlango wa nyuma, akapitisha mkono kwenye uwazi wa chini, akatulia, akatabasamu.

"Mira! Unafanya nini pale?"

"Ananishika mukono. Anasema treni iko karibu."

Mama we! Émerence alitoka mbio bila viatu kumwita Mwanza, mganga wa dispensari. Mwanza aliingia kwa mlango uleule wa nyuma, akaufungua na kuufunga, na nje hapakuwa na kitu ila majani mabichi na jua la saa saba. Hakutaka habari za wafu. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria, akavuta jani moja lililoiva, akalinyoosha kwenye kiganja.

"Hii haiko lenga-lenga," alisema. "Ni datura. Ile ya maua meupe marefu, na matunda ya miiba."

"Ile ya ku jalala? Lakini iko kila fasi! Batu wanavuta majani yake kwa kutuliza pumu!"

"Iko kila fasi, hakuna sheria inaikataza, na inaua. Inakausha kinywa, inapandisha moto mu mwili, inamwonesha mutu batu wenye hawako. Ile ya kuona batu haiko kitu, mama. Moyo njo kitu ninaogopa. Sikia moyo ya mutoto inavyokimbia."

Alimtapisha Théo. Mira alikuwa ameshapitiliza hatua hiyo. Kila walipomlaza kitandani alipiga kelele na kutambaa kurudi mlangoni, mpaka Mwanza akasema mwacheni, mfunikeni kitambaa cha maji, asitembee, naenda kutafuta serum ya kumtundikia mshipani.

Akabaki mama na mtoto, na Théo anayekoroma kwenye kiti. Mwili wa Mira ulichoma kama jiwe la jiko. Lakini Émerence alipoufuata ule mkono kwa vidole, kiwiko, kifundo, mpaka pale unapopotea chini ya mlango, alikuta kiganja ni baridi, kimelowa, kimekunjwa kuzunguka kitu. Alivuta. Mkono haukuja. Alivuta kwa nguvu, na upande wa pili kitu kikavuta pia, taratibu, bila hasira.

"Mwachilie," alinong'ona. "Nakuomba. Ni huyu mumoja tu niko naye."

Mira hakuwa akitabasamu tena. Pumzi zake zilikuwa zinachelewa.

Mpaka weye umuone na macho yako.

Émerence alitazama sufuria. Alijua sasa kilichomo. Mwanza alikuwa amemwambia kwa maneno ya wazi. Alitia mkono, akala konzi mbili, akifungua mfungo wake kwa sumu, akakaa chini kushika mguu wa mwanawe, na ulimi wake ukageuka kitambaa, na moyo ukaanza kugonga mbavuni kama unaotaka kutoka, na mwanga wa dirishani ukamchoma macho mpaka akayafumba, na alipoyafumbua herufi za kalenda ya kanisa zilikuwa zinatembea ukutani kama siafu, na sakafu ilikuwa inapanda na kushuka, na katikati ya yote hayo akasikia harufu ya mvua ya gare, moshi, plastiki iliyolowa na kinyesi cha watoto wagonjwa, halafu, chini kabisa, kwa adabu ya jirani, hodi.

Alifungua.

Kapinga alikuwa amepiga magoti kwenye majani, nguo yake ya kikwembe imemganda mwilini kwa maji, mkono wake mmoja umeshika mkono wa Mira. Mtoto mgongoni hakulia.

"Nilipiga hodi," Kapinga alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa fasi gani?"

"Nilikuwa hapa. Nilikusikia." Machozi hayakutoka, sumu ilikuwa imeyakausha. "Nilijua ni weye, na niliogopa, na sikufungua. Ingia, Kapinga. Ingia na mutoto wako."

Kapinga alifungua vidole vyake kimoja kimoja.

Siku mbili Émerence hakujitambua. Alipoamka, Mwanza alikuwa anamfokea: "Ulikula ukijua! Batu wanakufa juu ya ile, na weye unaongeza!" Lakini alikuwa anacheka. Mira alikuwa mzima, mboni ndogo kama za kila mtu, anadai bukari. Théo hakukumbuka kitu, na kwa aibu alikuwa amekwisha ng'oa kila shina la datura mtaani.

"Sumu ilitoka," Mwanza alisema. "Iliisha. Mule sasa."

Wakakaa kwenye mkeka, saa sita mchana, mlango wazi. Mira akasogea kumwachia mtu nafasi. Akafikiri kidogo, akasogea tena, akaacha nafasi nyingine ndogo.

Émerence alisimama akaenda kuleta sahani nyingine mbili.