Chupa ya Tarehe Tisa

Kila siku ya msimu, utomvu mtamu wa miti ya mepo ukishachemka ukawa sirapu nzito kama asali, Maëlle alijaza chupa moja ndogo, akaiandika tarehe, akaipanga dirishani mwa kibanda cha kuchemshia. Za Machi zilikuwa nyepesi, rangi ya dhahabu. Kuelekea Aprili rangi ilikolea siku hadi siku. Baba yake, Réjean, alijivunia dirisha lile kuliko gari lake.

Lakini jiko lao la kuchemshia lilikuwa limechakaa, na benki ilishawakatalia mkopo. Jumamosi hiyo angekuja Bi Huguette Thivierge, aliyekuwa akitafuta biashara ndogo ya kuwekeza. Akiridhika, angetoa mtaji wa jiko jipya na kuwa mbia wao. Asiporidhika, Réjean angelazimika kuuza miti ya babu yake.

Chupa ya tarehe tisa Aprili ndiyo iliyomtia Maëlle wasiwasi. Siku hiyo joto lilipanda ghafla, miti ikaanza kuchipua, na sirapu ikatoka inanuka. Asubuhi ya ugeni aliificha ndani ya buti kuukuu, akajaza nyingine haraka haraka kutoka pipa la karibu, akaiandika tarehe tisa.

Bi Thivierge alipofika, alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Bwana Réjean, miti yako ina vituko! Tarehe nane imekolea, tarehe tisa ya dhahabu. Imerudi Machi?"

Réjean aliitazama ile chupa, akababaika. "Hata sijui imetoka wapi."

"Hujui? Sasa pesa zangu nampa nani?" Bi Thivierge akaanza kufunga vifungo vya koti.

Maëlle alimwonea baba yake huruma. "Ni mimi, Bi Thivierge! Baba hajui lolote." Akalikimbilia buti, akatoa chupa.

Mgeni alionja tone moja, akakunja uso. "Mama yangu! Hii mmechemshia soksi?" Akamgeukia Réjean. "Yako mapipa mangapi hivi?"

"Mawili. Nimeyatenga nyuma, nimeyapaka rangi nyekundu. Nilitaka nikuonyeshe kabla hatujazungumza."

Wakaenda nyuma ya kibanda. Mapipa yalikuwepo, mekundu yote mawili. Bi Thivierge aliporudi ndani, alivua koti akaketi.

"Nimezaliwa kwenye kibanda kama hiki," alisema. "Hakuna msimu usio na chupa inayonuka. Leteni karatasi, tuandikiane."

Kisha akamshika Maëlle bega. "Sikiliza, mwanangu. Anayekupa mtaji ameingia na kwenye shida zako. Ukimficha, atakusaidiaje? Na leo nusura baba yako aonekane tapeli kwa kosa lisilo lake."

"Nisamehe, Bi. Nisamehe, Baba."

Maëlle aliondoa chupa ya uongo, akairudisha ile inayonuka mahali pake, baada ya tarehe nane. Baba yake akainyoosha kidogo, tarehe isomeke vizuri.