Gauni la Anti Ursula

"Niachie hiyo kofia, kaka. Nimeishika mimi kwanza."

"Wewe umeshika ukingo, dada. Kofia nimeishika mimi."

Siku ya Ijumaa soko la Chor Bazaar la Bombay halina adabu. Watu hukanyagana vidole, wauza vyuma chakavu hupiga kelele, na mwenye haya hurudi nyumbani mikono mitupu. Zita Misquitta hakuwa na haya ya namna hiyo. Alivaa gauni la buluu lililomkaa kiunoni, na futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni kama mkufu. Kijana aliyekuwa akivutana naye alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe lina doa la wino mfukoni.

"Unaitakia nini?" Zita akamuuliza.

"Ya jambazi. Naandika sinema ya wale wa magendo ya dhahabu, miaka ya hamsini."

"Ya Seth Bhalla, yule tajiri wa studio?"

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye ninayekushonea hao majambazi wako. Na hakuna hata mmoja aliyevaa dude hili! Walivaa shati jeupe, suruali nyeupe na kandambili, wakijipulizia marashi utadhani maharusi."

"Uliwaona wapi wewe?"

"Nimezaliwa Mazagaon, bwana, nyuma ya bandari. Wewe umewaona wapi? Kwenye sinema za Wazungu?"

Anant Ghorpade akaiachia kofia, akacheka mpaka macho yakamtoka machozi. Zita akakipenda kile kicheko papo hapo, ingawa alijitia kununa.

Tangu siku hiyo simu ya mkahawa wa Mwirani, chini ya nyumba ya kina Zita, haikupumzika. "Zita! Mwandishi wako!" kila mara akaita mwenye mkahawa, naye Zita akateremka ngazi mbio huku pini zikiwa bado mdomoni.

"Umekula, malkia wangu?"

"Malkia gani anayepanga foleni ya mafuta ya taa? Sema ulichopigia."

"Nimepiga nikusikie ukinigombeza."

Zita alimweleza Anant kila kitu isipokuwa kimoja, kazi ya zamani ya mama yake. Baba yake alikuwa kuli, akafa katika mlipuko mkubwa wa bandari wakati wa vita, Zita akiwa bado tumboni. Miaka michache baadaye serikali ikapiga marufuku pombe, na mama yake, Ursula, akaanza kupika gongo jikoni na kuiuza sebuleni. Mabaharia, makarani, askari na majambazi wenyewe, wote walimwita Anti Ursula. Gongo ile ndiyo iliyomlisha Zita na kumsomesha. Lakini marufuku ilipolegezwa, mama alivunja mtambo wake na kulifunga jambo lile. Kanisani hakuna aliyelitaja mbele yake, na Zita alikatazwa kulitamka.

Anant alipoalikwa kumsalimia mama, alikuja amevaa kanzu mpya, nywele zimepakwa mafuta. Akainama kwa heshima, akamkabidhi mama kifurushi. Mama Ursula akakifungua. Ndani mlikuwa na bonge zima la sukari guru, jeusi, linanukia.

Mama akabadilika rangi. Enzi zile polisi walipovamia nyumba, kitu cha kwanza walichotafuta ni sukari guru, kwa kuwa ndiyo iliyopikiwa gongo. Mara mbili walimpeleka mahabusu kwa ajili yake.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni kwamba tu kwetu…"

"Toka! Toka nyumbani kwangu!"

Zita naye akaingiwa na shaka. Mwandishi wa sinema za majambazi, ameletaje sukari guru mlango huu, kati ya milango yote ya Bombay? Akamfuata kwenye ngazi.

"Kumbe ulikuja kuchimba hadithi. Umenichezea, Anant!"

"Hadithi gani? Zita, nisikilize!"

"Usinipigie tena."

Akapiga. Zita hakuteremka. Aliikalia cherehani yake na kulia, halafu akakasirika kwa sababu amelia.

Ndipo ikaja oda kutoka studio: gauni jekundu la satini, mpasuo hadi pajani, la mwanamke muuza gongo, kimada wa mkuu wa majambazi. Hakushona gauni jekundu. Alishona la pamba, la maua madogo, kola imefika shingoni, mikono imefika viwikoni, kisha akalibeba hadi studio.

Kabla hajafika mlangoni alimsikia Seth Bhalla akifoka.

"Muuza gongo ni malaya! Watu wanalipa kumwona malaya!"

"Basi tafuta mwingine wa kukuandikia," sauti ya Anant ikajibu. "Mimi nimeandika mwanamke anayejitafutia."

Zita akaingia, akalitandaza gauni mezani.

"Hili ndilo alilovaa," akasema. "Namjua, kwa sababu ni mama yangu. Jambazi aliyeogopwa na bandari nzima aliweka bastola mezani kwake, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mama akamwambia: 'Chukua chuma chako utoke, na ukirudi, nawa mikono.' Akatoka. Keshoye akarudi, akanawa."

Anant akaligeukia gauni kwa mshangao. Ni wazi hakuwa amejua lolote.

"Na ile sukari guru?" Zita akamuuliza taratibu.

"Kwetu Kolhapur mgeni hupokelewa kwa maji na kipande cha sukari guru. Baba analima miwa, Zita. Lile bonge alilipika yeye, kwa ajili ya mama yako."

Zita akajifunika uso kwa viganja, akicheka na kulia pamoja.

Mwigizaji wa kike, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alikuwa ameshalivaa gauni la maua na hataki kusikia lingine. Seth Bhalla akauma meno. "Haya! Maneno yako nayachukua, mwandishi. Jina lako kwenye sinema siliweki."

"Chukua," akasema Anant.

Siku sinema ilipotoka, Zita alimkokota mama yake kwenda kuiona, bila kumwambia kilichomo. Alikuwa amemweleza tu maana ya ile sukari guru, na kwamba Anant ndiye mwandishi aliyenyimwa jina. Anant aliketi nyuma yao. Jambazi akaweka bastola mezani. Mwanamke wa gauni la maua akasimama. "Chukua chuma chako utoke," akasema, na ukumbi ukalipuka kwa miluzi ya furaha, sarafu zikarushwa kwenye pazia kama tuzo.

Zita hakuthubutu kumtazama mama yake. Safu ya mbele walikaa wanawake watatu wa parokia yao.

Mama Ursula akainuka polepole, akanyoosha mgongo.

"Huyo ni mimi," akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Na msilitafute jina la aliyeandika, hawakuliweka. Anaitwa Anant Ghorpade. Ni mkwe wangu."