Aliyeuaga Ukuta

"Dada, hiyo gauni ni ya kuuza ama ya kutishia watoto?"

Salme aligeuka, pini bado ziko mdomoni. Ilikuwa Jumamosi, soko la Owino la Kampala limejaa pomoni, wapagazi wanapita na mabelo ya mitumba kichwani wakipiga mluzi watu wawapishe, na huyu kijana mrefu, fulana nyeusi imepauka, kamera shingoni, amesimama katikati ya njia kana kwamba pale ni sebuleni kwao.

"Wewe unaoa au unatafuta ugomvi?"

"Sioi. Natafuta gauni ya bibi harusi yenye imechoka. Mtu akiiona, roho inaruka."

"Hapa hakuna nguo zilizochoka. Zimepumzika tu."

Kaltumi, muuza viatu wa meza ya pili, aliangua kicheko, na kijana naye akacheka. Akasema anaitwa Wasim, Mnubi wa Bombo, na kwamba yeye na marafiki wachache wanatengeneza filamu ya kuogofya. Si ya majini wala ya damu, alieleza huku akipapasa lesi. Ni ya mwanamke mpweke anayempenda jirani yake wa nyuma ya ukuta, mpaka mapenzi yanamgeuka ugonjwa. Mwisho anamzika humo humo ukutani kwa matofali, ili apate wa kuzungumza naye daima.

"Astaghfirullah! Na huyo jirani alijua kama anapendwa?"

"Hajui kitu. Hapo ndipo kuna hofu."

Salme alivuta gauni la mikono mirefu, lesi yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa, akajipimia juu ya dera lake la zambarau ili mteja aone urefu. Mteja hakuangalia urefu. Aliangalia uso, akauangalia mpaka Salme akasahau kutaja bei. Gauni hakuliuza, alimwazima. Mfanyabiashara akianza kuazimisha bidhaa ujue ameshaanguka, na Kaltumi alimwambia hivyo hivyo bila kumung'unya maneno.

Simu zilianza jioni ile ile. Salme alikuwa na miaka thelathini na nne. Wazee wake walikuja Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani, wakasahau kurudi, na sasa, ukiacha baba mdogo na shangazi, alibaki yeye peke yake, kwenye chumba cha kupanga Kisugu. Mama yake alikuwa amefariki, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza jambo lolote zaidi ya bei ya shela. Wasim aliuliza kila kitu. Umekula nini? Nani amekuudhi? Ukifunga mlango, unawaza nini kwanza? Mtu asiyeulizwa siku zote, akiulizwa humwagika kama gunia lililokatwa kamba.

"Ukimaliza kula, sukari yangu, unafanya nini?"

"Nasikiliza redio."

"Redio gani?"

"Si yangu. Ya jirani." Salme alijicheka mwenyewe. "Akiizima, naweka shavu ukutani nasema, usiku mwema, jirani, samahani kama nimekuchosha leo. Yeye hata hanijui. Haya, nicheke."

Wasim hakucheka. "Bambi," alisema taratibu, kwa ile huruma ya Kiganda ambayo haina mwenzake. "Salme wangu. Kuanzia leo niambie mimi hiyo usiku mwema."

Akawa anamwambia yeye. Salme alimpenda kijana yule kama mtu aliyekuwa na kiu asijue.

Filamu ilipokamilika, Wasim alimwalika kwenye onyesho la kwanza, kibanda kimoja cha sinema Bwaise, Jumapili alasiri. Salme alivaa gauni la buluu lenye shanga kifuani, akapaka hina, akamchukua Kaltumi. Waliruka madimbwi ya mvua ya jana mpaka mlangoni. Ndani mlinukia jasho na mihogo ya kukaanga, watu wamebanana juu ya mabenchi, na mbele, karibu na skrini, aliketi Jafar na kipaza sauti chake. Kampala filamu ya kibandani haiachwi iseme peke yake. Lazima mfasiri aifasiri papo hapo na kutia chumvi, na asipochekesha watazamaji wanatoka. Jafar alikuwa hodari. Alichanganya Kiganda na Kiswahili, akawapa watu kwenye skrini majina ya wauza nyanya.

Aliyeigiza mwanamke mpweke alikuwa Rosalba, mwanafunzi wa Chuo cha Kyambogo. Alitokea amevaa gauni la Salme, akatembea polepole hadi ukutani, akaweka shavu.

"Usiku mwema, jirani," alisema Rosalba. "Samahani kama nimekuchosha leo."

Salme aliganda.

"Banange, jamani!" alinguruma Jafar. "Huyu mama anaaga tofali! Wewe tofali, jibu basi! Usimkatalie mtoto wa watu!"

Kibanda kizima kililipuka. Watu walipiga mabenchi kwa viganja. Kaltumi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Salme, kweli dunia hii kuna mtu wa hivyo?"

"Wapo," alisema Salme, naye akacheka, tena kwa nguvu, maana aliogopa kwamba asiyecheka ndiye atakayejulikana. Mlangoni Wasim alikuwa akipeana mikono na watu, uso unamng'aa kwa furaha. Moyo wa Salme ulivunjika akiwa bado anacheka.

Simu za Wasim hakuzipokea tena. Wiki ilipoisha, Wasim alikuja sokoni na gauni limefuliwa na kupigwa pasi, amelikunja kwa adabu.

"Najua umekasirika. Ile tope ya Bwaise, ya siku tulipiga filamu, ilikataa kutoka, nimefua mara tatu..."

"Wasim. Unadhani nimekasirikia tope?"

Akamweleza. Wasim alikaa juu ya belo kama aliyepigwa.

"Lakini hiyo ndiyo sehemu mzuri kuliko zote," alisema. "Uliponiambia, mimi nililia, Salme. Haki ya Mungu. Nilitaka watu wote wasikie."

"Mimi nilitaka usikie wewe."

Wasim aliondoka. Jioni ile alizunguka vibanda vyote akakusanya nakala zake, kipande kile akakikata, ingawa marafiki zake walimlilia kwamba amekata moyo wa filamu. Alipompigia kumwambia, Salme alipokea. Mapenzi hayana aibu. Hasira ya wiki nzima iliyeyuka kwa "bambi" moja.

"Nikileta wazee wa Bombo kwa baba yako mdogo, watafukuzwa?"

"Walete uone," alisema Salme, akicheka na kulia pamoja.

Siku moja kabla ya posa walizungumza tena, adhana ya magharibi imetoka kusomwa.

"Nimefanya jambo la kipuuzi leo," Salme alimwambia. "Nimenunua kanga mbili, yangu na ya mama. Zilikuwa zimeshafungwa kwenye karatasi ndipo nikakumbuka hayupo."

"Pole, mpenzi wangu. Pole sana." Kisha Wasim akakohoa. "Naweza omba kitu? Hiyo ya kanga mbili. Niko na filamu ingine kichwani, na hiyo ingekaa pale vizuri sana. Unaona, safari hii nimeomba ruhusa kwanza. Nimejifunza."

Alilisema kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha mikono aliyonawa. Hapakuwa na ubaya ndani yake hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza Salme kuliko kibanda cha Bwaise.

"Chukua," alisema.

Hakuwa na shaka kwamba Wasim angemtunza. Angemlisha, angemuuguza, angemtetea kwa watu. Lakini kila neno atakalompa usiku lingepita kwake tu, likielekea kwa wengine.

Siku ya pili wazee wa Kinubi walikuja pamoja na Wasim baada ya alasiri na kanzu zao nyeupe, wakakaa sebuleni kwa baba mdogo Tajudin. Salme alikuwa nyuma ya pazia na wanawake, amefunikwa mtandio wa hariri. Tajudin aliingia kumuuliza. Kwao mwali akiulizwa hatakiwi kujibu. Akinyamaza, amekubali. Hata akilia, amekubali, husemwa ni haya. Shangazi alikuwa ameshanyanyua kiganja mdomoni, tayari kwa vigelegele.

"Mwanangu, Wasim anakutaka. Unasemaje?"

Machozi yalimtoka Salme, na wanawake wakatabasamu.

"Hapana, baba mdogo."

Tajudin aliinama, akashusha sauti. "Ukimtaka, mama, nyamaza tu."

"Najua. Nasema hapana."

Sauti ilipenya pazia. Sebuleni mazungumzo yalikatika.

"Salme?" Ilikuwa sauti ya Wasim. "Salme, nimefanya nini?"

"Nakupenda, Wasim," alijibu kwa nguvu, mbele ya wazee wote. "Nakupenda, lakini siolewi na wewe. Nisingebaki na neno hata moja la kwangu."

Shangazi alishusha mkono. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa na mgeni haondoki na njaa, kwa hiyo sinia za pilau zilipitishwa, wanaume wakala. Salme alimsikia Wasim akimshukuru aliyemnawisha mikono, kisha hakumsikia tena.