Risasi Moja Kati ya Hamsini

Simu ilitetemeka mfukoni saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Signe Dahl aliipokea kwa mkono mmoja. Mwingine ulishika ubao wa kuandikia alama.

“Maziwa ya shangazi yameharibika,” bosi wake alisema.

“Chupa ngapi?”

“Moja katika hamsini.”

“Ipi?”

“Hatujui. Aliyeiharibu yuko hapohapo uwanjani, na sura yake hatuijui. Asistuke. Magari yetu yako dakika arobaini kutoka hapo.”

Simu ikakatika.

Kwa lugha yao ya siri, maziwa ni risasi, na shangazi ni yule anayelindwa.

Kwa siku tatu alikuwa amejifanya mwandika alama wa muda katika uwanja wa shabaha wa Antelope Bench, Montana. Kazi yake halisi ilikuwa kumlinda Jaji Harlan Stroud. Jumatatu jaji huyo angesikiliza kesi ya genge lililovusha darubini za kijeshi kwa magendo hadi ng'ambo. Genge lilitaka afe kabla ya hapo, tena afe kifo kisicho na muuaji: bunduki impasukie usoni, watu waseme ni ajali.

Na lawama zote zimwangukie mzee aliyemjazia risasi.

Signe alikijua kifo cha namna hiyo. Miaka sita iliyopita bunduki ya mwenzake ilipasuka hatua moja kutoka alipolala yeye. Alichomoa vipande vya shaba shavuni mwa yule bwana kwa vidole vyake mwenyewe. Tangu siku ile, kila alipoegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, aliviona vipande vile tena.

Meza namba saba. Kisanduku cha kijani cha risasi za jaji. Jaji alikuwa amekipa kisogo, akimimina kahawa kutoka kwenye themosi ya Stanley.

“Binti, leo ukiniandikia nane nitakufunga miezi sita,” jaji alimtania.

“Piga kumi basi, Mheshimiwa, tusifikishane huko.”

Watu walicheka. Mkono wa Signe ulikwisha kukitia kisanduku chini ya koti.

Mzee Orville Brekke alikuwa nyuma ya kibanda, ameketi kwenye mlango wa nyuma wa pikapu yake kuukuu ya Ford. Mwaka wa arobaini huu alikuwa akijaza baruti kwenye risasi kwa mkono wake, moja moja, na hakuna aliyewahi kuumia.

“Mzee wangu, fungua hizi. Usiulize.”

“Hizo ni za Harlan!”

“Mtu ameingiza yake humo. Itamuua.”

Mzee alimtazama mwandika alama huyu, akaona yaliyokuwa machoni mwake. Hakuuliza tena. Alitoa nyundo yake ya plastiki ya kung'olea vichwa vya risasi, akatia risasi ndani yake, akaigonga juu ya chuma cha gari. Milio ya bunduki za mazoezi ilimeza sauti yake.

Ya kwanza: baruti ya kijivu, vijiti vidogo kama mbegu.

“Yangu hii.”

Ya pili, yake. Ya tano, yake. Mzee aliacha kugonga.

“Na kama nimekosea mwenyewe? Macho haya siyo ya zamani, mwanangu. Kama ni mimi je?”

“Gonga, mzee.”

Ya kumi na moja ilimwaga vipande bapa, vyembamba kama magamba ya samaki.

Mzee aliisambaza kwa kidole. Kisha akasema polepole, “Hii ni baruti ya bastola. Haijawahi kuingia nyumbani kwangu.”

“Na kama angeifyatua?”

“Komeo la bunduki lingemrudia usoni.”

Signe alikisukuma kisanduku mbali kama nyoka. Saa tatu na dakika arobaini na tisa. Zamu ya jaji ilikuwa saa nne kamili.

“Una nyingine za kundi hilihili?”

“Ishirini. Ziko hapa garini; usiku zililala kwangu chini ya kufuli. Thelathini za aina hii nilizijaribu jana, tatu tatu, nikikagua kila ganda.”

“Nipe.”

Alitoa zilizobaki, akazipanga hizo ishirini ndani ya kisanduku cha kijani. Akakirudisha mezani. Sasa alihitaji kumjua muuaji.

Alikuwa akimshuku mmoja tu: mgeni mwenye miwani myeusi, aliyefika jana na gari la Idaho, asiyezungumza na mtu. Mgeni huyo alisimama nyuma ya meza ya saba, akitafuna nyama kavu ya paa.

“Mheshimiwa, nikupashie mtutu moto? Tatu tu, kwenye tuta la udongo,” Signe alimwambia jaji.

“Karibu, usinichafulie darubini.”

Alikaa. Akaingiza risasi ya kwanza kwenye bunduki ya jaji, Tikka. Mzee alikuwa ameapa. Kufuli ilikuwa imefungwa. Lakini kufuli hufunguliwa, na mzee huchoka. Jasho lilimtiririka ndani ya vikinga masikio.

*Mungu wangu, isiwe hii.*

Kabla hajavuta alitazama nyuma kwa kona ya jicho.

Mgeni wa Idaho alikuwa palepale, hatua mbili, akitafuna.

Bwana Rusk, msimamizi wa uwanja, hakuwa mahali pake. Kila siku Rusk alisimama begani kwa mfyatuaji. Sasa alikuwa nyuma ya nguzo ya zege, amegeuza uso.

Signe alivuta.

Mlio wa kawaida. Bega likapigwa kawaida. Komeo likanyanyuka laini. Aliligeuza ganda mkononi: kitako chake kilikuwa kizima, bila alama.

Rusk akachungulia.

Risasi ya pili. Rusk akarudi nyuma ya nguzo.

Ya tatu. Vilevile.

Signe alisimama. Aliigeukia nguzo ile.

“Bwana Rusk, njoo upige ya nne.”

“Mimi? Niko kazini, mama.”

“Moja tu.”

“Nimesema hapana! Siigusi hiyo takataka ya Brekke!”

Vichwa viligeuka, meza kwa meza.

“Watu sitini wako hapa,” Signe alisema. “Kwa nini wewe peke yako unaliogopa sanduku hili?”

Mkono wa Rusk ukashuka kiunoni.

Bastola ya Signe ilifika kwanza.

“Usijaribu. Ni hatua nne, na mimi naogopa kuliko wewe. Kidole changu hakina subira.”

Mgeni wa Idaho aliangusha nyama yake, akaingia chini ya meza akimwita mama yake.

Rusk aliinua mikono.

Wenzake Signe walipofika wakamtia pingu, Rusk alikuwa bado anaitazama nguzo.

Mzee Orville alikuja taratibu, kofia mkononi. Jaji alikuwa amekwisha kuelezwa. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

“Harlan, mimi nimeacha,” mzee alisema. “Sijazi tena. Zimetoka mikononi mwangu, nusura ziwe kaburi lako.”

Jaji aliweka kikombe chini. Alitazama kisanduku, akatazama mikono ya rafiki yake.

“Ijumaa nitakuletea maganda mia unijazie.”

Mzee alivaa kofia yake.

“Yaoshe kwanza,” alisema hatimaye. “Ya mwisho uliniletea na matope.”

Signe alikwisha kuondoka. Alipita katikati ya magari bila kugeuka, mwendo wa mtu aendaye kununua mkate.