Ufa Chini ya Tepu Nyeupe

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi tatu: kutandika kitanda cha Bibi, kupiga deki korido ndefu ya nyumba yao, na kumwogesha mdogo wake, ambaye siku hizi alijiona mkubwa mno kuogeshwa na mtu.

Chiriku halikuwa jina lake hasa. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akifagia, na mama yake alisema hata usingizini alikuwa akiuliza maswali. Mdogo wake, mwenye umri wa miaka saba, aliitwa Kibogoyo tangu meno yake ya mbele yalipong'oka yote mawili ndani ya wiki moja.

Jumamosi hiyo kazi zilimalizika mapema kwa sababu mafundi walikuwa wanakuja. Msimu wa baridi ulikuwa umeingia, na kifua cha Bibi hakikupatana kabisa na baridi. Mwaka uliopita alikohoa mpaka akalazwa hospitali. Daktari alikuwa amekataza jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mwake, kwa sababu moshi wake ni sumu. Kwa hiyo Mama na ndugu zake walishauriana, wakaamua kumwekea mama yao mashine ya kupasha joto. Mashine hiyo ina sehemu mbili: moja hukaa nje, nyingine hutundikwa ukutani chumbani, na mabomba mawili ya shaba huziunganisha.

Mafundi walikuwa wawili. Mkuu wao alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa ovaroli ya kijivu na kuchomeka kalamu sikioni. Kila mtu alimwita Fundi. Mwenzake alikuwa mzee mfupi mwenye miwani minene, naye aliitwa Mzee Miwani. Ndiye aliyemfundisha Fundi kazi hiyo tangu hajui kushika spana. Lakini macho yalipoanza kumsumbua, mwanafunzi akawa bosi, na mwalimu akawa msaidizi.

"Shikamoo, Mzee," alisema Chiriku, na kabla hajaitikiwa akaongeza, "Ndani ya mabomba haya kunapita nini? Maji?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapana, inapita gesi. Inachota joto huko nje na kulileta ndani."

"Lakini huko nje kuna baridi! Joto litatoka wapi?"

Mzee Miwani akacheka. "Hata kwenye hewa ya baridi joto limo, ila ni kidogo. Mimi na wewe hatulisikii. Gesi inalisikia." Kisha akainua kidole. "Sasa nisikilize. Shaba hii ni laini. Msiikanyage, msiikunje. Na vifuniko hivi vya mdomoni msivitoe, vumbi na unyevu visiingie. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

Mafundi wakayakunjua mabomba, yaliyokuwa yamevikwa sponji nyeupe, wakayalaza kwenye korido kando ya ukuta. Kisha wakavaa miwani ya kujikinga na kuingia chumbani kwa Bibi kutoboa ukuta. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi uani kwenye jua, amejifunika blanketi mpaka shingoni.

Drili ilinguruma, nyumba nzima ikatetemeka. Kibogoyo alifurahi sana. Akaanza kuruka huku na huku kwenye korido, akijifanya yeye ndiye drili. Chiriku akasahau umri wake wa miaka kumi na miwili, akaingia mchezoni. Waliruka, wakazunguka, wakacheka. Mara Chiriku akateleza kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, na kisigino chake kikatua juu ya bomba, pale lilipopita kwenye kizingiti cha mlango.

Bomba lilikunjika kama mrija wa soda.

Watoto wakatazamana. Drili ilikuwa bado inanguruma. Chiriku alipiga magoti, akalinyoosha bomba kwa mikono miwili huku ameuma midomo. Likanyooka, lakini alipopapasa chini ya sponji alihisi mkunjo mkali kama ukucha. Karibu yake palikuwa na tepu nyeupe ya mafundi. Chiriku alisifiwa darasani kwa kuvika madaftari yake makaratasi bila hata mkunjo mmoja. Akaifunga tepu kwa ustadi uleule, mara tatu, hata mtu asingejua kama palikuwa na kitu.

"Ukisema," alimnong'oneza mdogo wake, "nitawaambia wenzako wote kwamba bado unakojoa kitandani."

"Sikojoi!"

"Nitasema tu. Nani atakuamini?"

Kibogoyo akanyamaza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Muda si mrefu mafundi wakayachukua mabomba, wakayapitisha ukutani chumbani kwa Bibi na kuyatoa nje. Chiriku alisimama mlangoni akaona pale alipofunga tepu. Palikuwa juu tu ya mto wa kulalia wa Bibi.

Mzee Miwani akaanza kazi ya kuunga. Alikata ncha za mabomba, akazisafisha, akazitanua midomo kwa chombo maalumu ili zikae sawasawa, akapaka mafuta kidogo na kukaza nati. Alifanya taratibu, uso karibu ugusane na shaba. Baada ya hapo Fundi akaunganisha mtungi wa naitrojeni na geji, kifaa chenye mshale cha kupimia mgandamizo.

"Hatufungulii gesi ya mashine mpaka tupime," alimweleza Mama. "Naitrojeni haiungui. Tunaijaza humu, halafu tunasubiri. Mshale wa geji usiposogea, mabomba ni mazima."

Akaweka alama ya kalamu kwenye kioo cha geji, palepale mshale ulipoelekea. Baada ya nusu saa, mshale ulikuwa umeshuka chini ya alama.

Walipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hakuna kiungo kilichotoa mapovu. Hata hivyo Fundi akasema viungo vyote vikatwe na kufanywa upya. Mzee Miwani akarudia kazi yote tangu mwanzo. Wakajaza tena, wakasubiri tena. Mshale ukashuka tena.

"Mzee, hii ni mara ya pili," Fundi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Midomo hii umeitanuaje?"

"Nilidhani nimeitanua vizuri."

"Kudhani hakuzuii gesi! Watu wengine wananisubiri tangu saa sita."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kwenye korido Mama alimwambia jirani aliyepita kuchungulia, "Mimi naona wangeleta mtu mwenye macho." Hakusema kwa sauti kubwa, lakini chumbani alisikika.

Chiriku alikuwa amesimama palepale. Alihisi uso unamwaka na masikio yanavuma. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kibogoyo alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, akimtazama dada yake bila kupepesa macho. Chiriku akageuza uso.

"Leo chiriku wetu amemeza nini?" Bibi aliuliza kutoka uani. "Nyumba kimya hivi, mpaka naogopa."

"Huyu leo ni mfano," Mama akajibu. "Hajawasumbua mafundi hata kidogo. Ametulia kama mtu mzima."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko kipigo. Chiriku akatoka nje mbio, akijifanya anakwenda kuchota maji.

Karibu na bomba la maji akamkuta Fundi akiongea kwenye simu. "Kwa kazi ya Jumatatu nitafutie mtu mwingine," alikuwa akisema. "Ndiyo, badala ya Mzee. Macho yamemwisha. Hata mimi roho inaniuma." Hatua tano kutoka hapo, Mzee Miwani alikuwa ameketi juu ya boksi la mashine, mkononi ameshika kipande cha bomba alichokikata. Asingeweza kukosa kusikia.

Chiriku alitaka kupita, lakini mzee akamwita.

"Mjukuu wangu, hebu njoo. Wewe macho yako bado mapya. Niangalizie mdomo wa bomba hili, ndio nilioutanua mara ya kwanza. Una ufa? Au umeenda upande? Mimi naona ni mzima, lakini leo sijiamini tena."

Alimwekea kipande kiganjani. Chiriku akakigeuza kwenye jua. Mdomo wa bomba ulikuwa wa mviringo kamili, laini, unang'aa kama pete. Haukuwa na ufa wala mkwaruzo.

"Ni mzima, Mzee," alisema, na sauti yake ikatetemeka.

"Usinionee huruma. Sema kweli."

"Ni mzima kabisa."

"Basi sielewi." Mzee akatikisa kichwa. "Miaka thelathini na tano. Labda mikono nayo imeanza kunisaliti."

Hapo Chiriku akaangua kilio. Alilia mpaka Mzee akashtuka, akadhani amejikata.

"Si mikono yako, Mzee! Ni mimi! Nilikanyaga bomba likakunjika, nikalinyoosha, nikafunga tepu. Ni pale juu ya mto wa Bibi. Ni mimi."

Mzee hakumkemea. Aliinuka akishika goti, akasema, "Twende ukaseme ndani. Mimi siwezi kukusemea."

Hatua zile chache kutoka uani mpaka chumbani zilikuwa ndefu kuliko njia ya shule. Mama alikuwepo, Fundi alikuwepo, na Bibi, aliposikia kilio, alikuwa amejikokota na blanketi lake mpaka mlangoni. Chiriku alisema tena maneno yaleyale, macho yakiwa sakafuni.

Fundi akakata tepu, akafungua sponji na kupaka povu. Pale kwenye mkunjo pakaonekana ufa mwembamba kama unywele. Pakatoka povu dogo, likapasuka, likafuata jingine.

"Unajua ingekuwaje?" Fundi alimuuliza kwa sauti ya chini. "Gesi ya mashine hii haina harufu ya kumwamsha mtu. Ni nzito, hushuka chini na kuchukua nafasi ya hewa. Chumba kimefungwa kwa ajili ya baridi, mtu mwenye kifua kibovu amelala. Na ikikutana na cheche, inaweza kushika moto. Ndiyo maana tunapima. Ndiyo maana hatufichi kitu, hata kiwe kidogo namna gani."

Kisha akamgeukia Mzee Miwani, na yeye mwenyewe akainamisha kichwa. "Mwalimu wangu, nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Ulinifundisha kukagua bomba lote kabla ya kumlaumu mtu. Leo nilikagua viungo tu, kwa sababu ya haraka. Nisamehe."

"Na mimi," Mama alisema, "nimesema maneno mabaya. Naona aibu."

"Yamekwisha," alijibu Mzee. "Nipeni bomba jipya tufanye kazi. Lakini Jumatatu nani anakwenda?"

"Tunakwenda wawili, kama kawaida," alisema Fundi, na akatoka kupiga simu nyingine.

"Mimi nilitaka kusema!" Kibogoyo alipaza sauti ghafla. "Lakini Dada alisema atawaambia watu nakojoa kitandani! Na sikojoi! Ilikuwa mara moja tu!"

Mzee Miwani alijifanya anakohoa. Mama hakucheka. Alimtazama binti yake, na Chiriku akajiona amekuwa mdogo kuliko Kibogoyo.

Hawakuziba ufa. Walitoa bomba lote, wakaweka jipya. Wakajaza naitrojeni, Fundi akaweka alama, na safari hii mafundi wakasubiri saa nzima. Chiriku aliketi sakafuni mbele ya geji. Mshale haukusogea hata kidogo. Wakaitoa naitrojeni, wakaunganisha pampu ya kunyonya hewa na unyevu wote uliobaki ndani, ikanguruma karibu saa nyingine. Ndipo Fundi akavaa glavu na kufungua gesi taratibu. Mashine ikavuma, na baada ya dakika chache hewa yenye joto ikaanza kushuka juu ya kitanda cha Bibi.

Mafundi walipoaga, Chiriku alimwomba Mzee Miwani msamaha kwa mara ya tatu. "Nilikusamehe pale uani," alisema mzee. "Ungeweza kuniambia kwamba mdomo wa bomba una ufa, nami ningekuamini. Hukusema hivyo."

Jioni ilipokaribia, Bibi alimwita chumbani. Blanketi alikuwa ameliweka pembeni. Chiriku alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Sogea. Unaniogopa?"

"Naona aibu, Bibi."

"Hiyo aibu iache ikae kwanza, ina kazi yake," alisema Bibi. "Mimi sikulikasirikia bomba. Bomba ni mguu tu umeteleza, mtu yeyote anateleza. Kilichoniumiza ni kwamba ulikuwa tayari nilale chini ya ufa ule, na mzee wa watu apoteze kazi yake, ili wewe usigombezwe dakika tano. Ungesema palepale, aibu ingekuwa yako peke yako, na ingekuwa ndogo. Ulipoficha, umeigawa kwa nyumba nzima. Fundi ameona aibu, mama yako ameona aibu, mzee ameona aibu kwa kosa ambalo si lake. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Nimesikia, Bibi. Sitarudia."

"Wote umetuomba radhi?"

"Wote."

"Hapana. Kuna mmoja umemsahau. Yule uliyemtisha ili anyamaze. Ni mdogo, lakini leo yeye ndiye aliyebeba mzigo wako kwa muda mrefu kuliko wote."

Chiriku akaondoka. Alimkuta Kibogoyo amekaa peke yake kwenye kizingiti cha korido, magoti yamefika kidevuni. Akaketi kando yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitafuta maneno asiyapate, ikambidi aanze upya mara mbili kabla ya kuweza kusema, "Mdogo wangu, nisamehe."