Kadi ya Tisa

Jumanne, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Nafuna aliingia katika ofisi yao ndogo pale Kawangware 46, Nairobi, na kukuta ukuta una pengo. Jana jioni alikuwa amebandika kadi ishirini na mbili, kila moja na hitaji moja la akina mama watakaotumia programu ya simu ya kliniki. Ya tisa haikuwepo. Saa tatu na nusu wafadhili wangekuja kupiga picha ukuta huo, kisha kazi ya wiki mbili za kwanza ipangwe.

Alianza na Wanzala, mwandishi wa programu. Jana walikuwa wamegombana.

"Ulisema kadi ni nyingi. Umepunguza?"

"Zii, Nafuna, si mimi. Ningetoa ya kumi na nne, ile ya kunitoa jasho. Tisa ni meseji ya kukumbusha tu. Nusu saa nimemaliza."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Akamgeukia Ogola, mlinzi mwenye ufunguo wa pili.

"Nilifungua saa kumi na mbili na nusu, madam. Ni Jael tu aliingia. Alisema amesahau mwavuli, lakini akatoka mikono mitupu."

Jael alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wa Kisumu Ndogo, aliyemzungusha Nafuna nyumba kwa nyumba. Na jana jua lilikuwa limewaka kutwa.

Nafuna akaketi, akaiandika upya kadi kutoka kichwani: *Mimi, mama wa mapacha nyuma ya kanisa, Kisumu Ndogo, nataka simu inikumbushe tarehe ya sindano ya kupanga uzazi, mume wangu asijue.* Aliisoma mara mbili. Hakuibandika.

Jael alipofika saa tatu, Nafuna alimkabili mbele ya wenzake.

"Jael, mwavuli wa nini na jana hakukunyesha?"

Jael akachomoa kadi kifuani. "Ni mimi. Nyuma ya kanisa kuna mapacha wangapi? Picha ikiingia mtandaoni, bwanake huyo mama ataisoma. Na simu yenyewe wanatumia wote wawili. Hiyo meseji ingefunguliwa na nani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia jana. Ukasema wageni wanakuja, tutaongea baadaye."

Wanzala alishika kichwa. Nusu saa yake ingevunja nyumba ya mtu.

"Asante, Jael," Nafuna alisema. "Kosa ni langu. Asante sana."

Walibandua kadi zote. Mbili nyingine nazo zilimtaja mtu bila kutaja jina. Wafadhili walikuta ukuta mtupu, wakaelezwa ukweli, wakakubali kungoja.

Alasiri, Nafuna na Jael walikwenda Kisumu Ndogo wakati mume wa mama wa mapacha yuko kibaruani. Yule mama alisikiliza yote, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani.

"Mimi sitaki meseji," alisema mwishowe, akicheka. "Siku ya sindano, Jael apite hapa na beseni la samaki, akiuza omena. Mzee anapenda omena, hatauliza kitu."

Nafuna akaomba msamaha. Mama akamsogezea kigoda.

"Keti. Wengi huja kutuuliza, wakienda wameenda. Wewe umerudi. Asante."

Na Nafuna, aliyekuja na deni la msamaha tu, akapokea mikononi pacha mmoja.