Inua, Bonyeza, Lingine

Kikohozi kilisikika kwanza. Kilikuwa kikavu, kifupi, mara mbili mfululizo, nacho kilitoka katikati ya ukungu wa asubuhi.

Zafimaro alisimama ghafla kwenye njia ya mlimani. Alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha mama yake, Tombosoa. Lakini Mama Tombosoa alikuwa kaburini mwezi wa saba sasa.

Akasogea hatua chache, ndipo akaona. Simu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mti uliobeba vanila. Ndani ya simu mama yake alikuwa akisafisha koo, tayari kusema. Chini ya mti alikaa dada yake, Soazara, mikono mapajani, macho yamefumbwa.

"Soazara! Umelala?"

"Sijalala. Nangoja somo lianze."

"Si limeanza? Huyo Mama anaongea!"

"Mama ameanza sasa hivi tu, kaka. Kabla yake umeongea wewe, dakika kumi na moja. Umewaomba radhi wazee. Umewaomba radhi mababu. Umemwomba radhi mwenyekiti wa chama. Nilidhani utamwomba radhi na jogoo wangu."

Maneno yale yalimchoma. Kwao, mtu anayefungua kinywa mbele ya watu bila kutoa kwanza hotuba ya kuomba radhi huonekana hakulelewa. Naye Zafimaro alikuwa mwalimu wa shule, na hodari wa hotuba hizo katika vijiji vyote vya bonde lile. Hotuba ya somo hili aliiandika kwa wiki tatu. Kila mstari ulikuwa wa kumsifu mama yake. Alipokuwa akiisoma mbele ya simu, machozi yalimtoka.

Chama cha wakulima wa vanila ndicho kilichomwomba atengeneze somo. Mama Tombosoa alikuwa amewafundisha wanawake wengi kufungisha maua ndoa, yaani kuyachavusha, maana huku kwao hakuna mdudu wa kuifanya kazi hiyo. Ni lazima mkono wa mtu. Ua la vanila hufunguka alfajiri, na adhuhuri hujifunga, basi. Lisilofungishwa ndoa asubuhi hiyo hudondoka, na hakuna tunda. Kwa bahati, Zafimaro alikuwa amemrekodi mama yake mwaka uliopita. Akaunganisha yote, hotuba, kinanda na maneno ya Mama, ikawa video ya dakika arobaini na mbili. Wanawake ishirini na watatu waliipokea, na Soazara alikuwa mmoja wao.

Soazara aliondoka nyumbani akiwa na miaka tisa, akalelewa mjini Antalaha kwa shangazi. Alirudi kwa mazishi, akabaki kulishika shamba la Mama. Ufundi wa maua hakuwahi kuupata.

Alinyoosha mkono, akaonyesha chini ya vanila. Maua ya manjano-kijani yalikuwa yametapakaa, yamenyauka.

"Yatazame," alisema. "Ya jana. Na ya juzi. Nimechoka, kaka. Mfuko wangu uko tayari. Mwisho wa mwezi naenda Antananarivo, kuna kiwanda cha nguo kinachukua watu. Shamba mpe binamu. Anataka kupanda karafuu."

"Ang'oe vanila za Mama?"

"Mimi nizifanyie nini? Nizitazame zikidondosha maua?"

Zafimaro aliokota ua moja lililonyauka. Shule yake ilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka pale. Alipata kufika Jumamosi tu, na ua halingoji Jumamosi.

Nyuma yake alifika Nirisoa, anahema. Nirisoa alikuwa mtumishi wa chama. Kwa miaka mingi alitengeneza masomo ya simu kwa wakulima wa mpunga, na sasa chama kilikuwa kimemtuma amsaidie Zafimaro, kwa sababu malalamiko yalikuwa mengi.

"Kilima chenu hiki kinataka mapafu mawili ya akiba," alisema. "Dada, hujambo? Ndiyo maua hayo?"

"Ndiyo hayo. Marehemu yote."

Zafimaro alichukua mwiba wa ndimu, chombo cha kufungishia maua ndoa. "Lete, nikuonyeshe."

Nirisoa akamshika mkono. "Usimwonyeshe, Mwalimu. Jumatatu hutakuwepo. Kaa pale kwenye jiwe. Mwache afanye na simu peke yake. Nakuomba kitu kimoja tu, usiseme neno."

"Hata moja?"

"Hilo hapo ni la kwanza."

Soazara alicheka. Kisha akachukua mwiba, akaifungua video.

Zafimaro alikaa. Kwa mara ya kwanza aliliona somo lake kwa macho ya mtu mwingine.

Kinanda kililia juu ya sauti ya Mama, na neno moja kati ya matatu likapotea. Mama alieleza vanila ilivyoletwa na meli zamani za mababu. Soazara alingoja. Mama alisema habari za mvua. Soazara alingoja. Mara mikono ya Mama ikaanza kazi, upesi upesi. Lakini kwa kuwa simu ilimtazama Mama usoni, mkono wake wa kulia ulionekana upande wa kushoto. Soazara akauhamishia mwiba kwenye mkono wa kushoto, akauinua kwa shida.

Akataka kurudisha nyuma kidogo aone tena. Vidole vilikuwa vimejaa utomvu. Kioo kikagoma. Akavifuta kwenye kitenge chake, akabonyeza tena. Video ikaruka mpaka mwanzo.

"Naomba radhi kwenu, wazee mliotangulia," ilisema sauti ya Zafimaro kutoka kwenye simu, nzito, ya kujivuna, "mimi mdogo nisiye na haki ya kusimama…"

Ua likapasuka mkononi mwa Soazara.

Mara tatu Zafimaro alikuwa amefungua kinywa. Mara tatu Nirisoa aliinua kidole. Safari hii Zafimaro hakufungua kinywa tena. Aliinamisha kichwa.

"Basi, dada, pumzika," alisema Nirisoa. "Mwalimu, umeona nini?"

"Nimeona kwamba mnataka nimkate mama yangu vipande vipande!" Zafimaro alisimama, macho mekundu. "Ile ndiyo sauti pekee niliyobaki nayo. Kila neno lake nimeliweka. Nilitupe lipi?"

Nirisoa hakukasirika. "Alipokufundisha wewe, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."

"Siku hiyo alianza kwa kusema nini?"

Zafimaro alitaka kujibu upesi, lakini jibu halikuja. Akavitazama vidole vyake. Kilichokuja ni harufu ya kahawa na moshi wa kuni. Ni kifua cha Mama mgongoni mwake. Ni mkono mkavu, wenye joto, uliofunika mkono wake mdogo wenye mwiba.

"Hakusema kitu," alijibu polepole. "Aliushika mkono wangu. Tukainua kwa mwiba kile kijipazia cha ndani ya ua, kinachotenga dume na jike. Tukabonyeza kwa dole gumba, vikagusana. Alisema, 'Inua. Bonyeza. Haya, lingine.' Basi."

"Alisimama wapi?"

"Nyuma yangu."

"Na simu yako ilisimama wapi?"

Zafimaro aliitazama simu pale mtini.

"Mbele yake," alisema.

"Mama yako alijua kufundisha," alisema Nirisoa. "Somo la simu halina jipya zaidi ya hilo. Unajiuliza kwanza mtu huyu kesho mkono wake ufanye nini. Unaanzia hapo hapo. Jambo moja kwa somo moja, dakika mbili au tatu. Halafu unanyamaza, mtu ajaribu. Halafu unamwambia atajuaje kama amepatia au amekosea. Asipojua, atakosea vilevile kila siku, kama dada hapa."

"Na kinanda?" aliuliza Soazara.

"Kinanda apigiwe mgeni arusini. Hapa kinagombana na sauti."

"Na hotuba yake?"

Nirisoa alimtazama Zafimaro kwa upole. "Hotuba ni heshima, siibezi. Lakini ua linajifunga adhuhuri. Kumheshimu mtu mwenye kazi ni kumpa kazi yake mapema. Neno moja la radhi, kisha ua."

Zafimaro alitazama juu. Ukungu ulikuwa umeondoka. Adhuhuri ilikuwa bado kidogo.

"Nirekodi," alisema. "Simama nyuma yangu. Juu ya bega."

Nirisoa akasimama nyuma yake na simu. Zafimaro aliinua kijipazia cha ua kwa mwiba, polepole. Akabonyeza chavua kwa dole gumba. Akahesabu mpaka tatu. Akarudia kwenye ua la pili, na la tatu. Hakusema kitu.

"Sauti nitaweka ya nani?" aliuliza Nirisoa. "Wewe?"

"Hapana."

Aliketi kwenye jiwe, akaifungua video yake ndefu. Alikumbuka kitu. Siku ile ya kurekodi, alikuwa amelisogelea ua kwa simu mpaka Mama akakereka. Alitafuta. Dakika ya thelathini na saba akaipata. Mama aligeuka, akamfokea kama mtoto wa miaka saba: "We Zafi, acha hicho kioo chako! Inua. Bonyeza. Haya, lingine!"

Soazara alishika mdomo. "Nilikuwa nalala kabla ya kufika hapo," alisema.

Zafimaro aliyakata maneno yale, akayaweka juu ya picha ya mikono. Yakajirudia yenyewe mara kumi, taratibu, ili mwenye utomvu asihitaji kugusa kioo. Somo liliingia lote ndani ya simu ya Soazara, kwa kuwa mlimani kule hakuna mtandao.

Maua manne yalikuwa bado wazi. Soazara akalijaribu la kwanza, likachanika. La pili likakubali. La tatu. La nne.

"Sasa nitajuaje?" aliuliza.

"Hilo ndilo somo la kesho," alisema Nirisoa. "Kesho, kabla ya kugusa ua jipya, tazama haya ya leo. Lililodondoka, hukubonyeza vizuri. Lililonyauka likang'ang'ania shina, limefunga ndoa. Keshokutwa utajifunza kuhesabu. Kila shada maua manane, mengine yaache. Ukiyafungisha yote, unauchosha mmea."

Jumamosi iliyofuata Zafimaro alipanda kilima kabla ya jua kuchomoza vizuri. Sauti ya Mama ilimfikia njiani. Inua. Bonyeza. Haya, lingine. Safari hii hakusimama. Aliharakisha.

Soazara hakugeuka kumsalimu. Mkono mmoja ulikuwa na mwiba. "Ngoja nimalize shada hili, kaka. Chai… hapana, hata chai sijapika. Maji ya ukoko wa wali yapo, unywe."

Chini ya vanila palikuwa na maua machache tu. Juu, kwenye mashada, maua makavu yalikuwa yameng'ang'ania, na nyuma ya kila moja kitunda chembamba cha kijani kilianza kunenepa. Wanawake wa chama, waliopewa somo lile na Nirisoa, nao walikuwa wameanza kutuma picha za mashada yao kila waliposhuka penye mtandao.

Jua lilipofika utosini waliingia ndani. Mfuko wa safari ulining'inia ukutani, mtupu. Zafimaro alimimina tone la ramu kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba, pembe ya mababu. Alisimama, akasita, akamtazama dada yake.

"Niseme kwa kifupi?"

"Hapa sema yote," alijibu Soazara. "Hapa Mama ana muda."

Akasema yote. Dakika kumi na moja nzima, na hakuna aliyesinzia. Alipomaliza, Soazara alisogea kwenye pembe ile. Vidole vyake vilikuwa bado na utomvu.

"Mama," alisema, "mimi siendi popote. Kesho alfajiri nitaanza na shada la chini, kisha lingine."